Mpira Unaokunja Kuume

Mujukuu wangu Baraka,

Ni koko wako, babu yako, ninaandika. Huku mtaani Kadutu tunaamka wazima, ila mvua imebeba ukuta wa jikoni, na nyanya yako magoti yamekataa kupanda kilima. Barua yako imefika toka Nairobi. Unauliza kwa nini mpira wako wa gofu unakunja kuume kila ukipiga.

Wakati wa Wabelgiji, mimi na ndugu yangu mukubwa Cikuru tulikata majani kwenye uwanja wao wa gofu. Muzungu mmoja alikuwa na kosa lako, mpira wake ulikunja kuume. Alikaza fimbo sana, akaileta toka mbali na kuivuta kuelekea tumbo, kama sisi tunavyovuta panga kwenye majani. Kosa hilo nililiona siku ya kwanza. Cikuru akaniambia, "Nyamaza. Muzungu hafundishwi na mukata majani."

Nikanyamaza. Muzungu huyo akija kupiga, tulihamia kushoto. Siku moja kapita aliyetusimamia akatuamuru tukate kuume, na mpira ukamupata Cikuru kwenye jicho. Mengine tuyaache.

Wewe legeza mikono. Kiwiko cha kuume kipite karibu na mbavu, halafu fimbo iende mbali, kule unakotaka mpira ufike. Usiivute.

Cikuru ameketi hapa. Jicho lililobaki nalo limechoka, kwa hiyo aliniomba nimusomee barua yako. Nilipomaliza akasema, "Huyu mwambie."