Kuku wa Mugoma

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Huku Mugoma baridi ya asubuhi inang'ata, na mimi ninayeota kuliongoza shirika letu la misaada siku moja nimeshindwa na kuku.

Tulileta mablanketi kwa familia zilizokimbia vita mpakani, ambazo kijiji kimoja cha ujamaa, mbali na ofisi yetu, kimezipokea. Watoto wao wanalala wamejifunika magunia. Kabla hatujagawa, Mama Skolastika, kiongozi wa akina mama, akaninyooshea kuku. Nikamweleza kwamba kanuni zetu haziruhusu kupokea zawadi.

"Na wewe umetuletea nini?"

"Zawadi, Mama."

"Kumbe kutoa unajua, kupokea ndiyo hukufundishwa! Shule yote hiyo! Hapa aliyeleta kitu haondoki mikono mitupu. Haya jamani, rudisheni mablanketi garini."

Wakaanza kuyarudisha kweli! Niliwatazama wale watoto, nikamnyakua kuku. Vigelegele! Halafu kila mama akaleta chake: ndizi, maharage, viazi. Lori letu liliondoka zito kuliko lilivyokuja.

Mkuu wangu, aliyeziandika kanuni hizo, alininunia siku nzima. Lakini leo nimemkuta nyuma ya ofisi amechuchumaa, anamnywesha kuku maji kwa kikombe chake cha chai. "Kunywa, mama," anambembeleza, "umetoka mbali."

Nimeukumbuka uji wako, Shangazi. Jifunike vizuri, kifua kisikusumbue. Nikirudi nitakuletea ndizi za Mugoma, na usithubutu kuniambia kwamba kanuni zako haziruhusu.

Mwanao akupendaye,
Adela