Kisiki Kilichochipua Baada ya Moto

Mjukuu wangu Paulina,

Marahaba. Hapa Endasak tu wazima, na maharage yamekubali. Shangazi yako Marta anakula vizuri, ingawa uvimbe wake umerudi.

Umeniuliza utamshawishije aende huko Japani uliko kwa tiba ya mionzi mingine, wakati yeye anasema, "Nilishachomwa, inatosha." Basi nimemsimulia kisiki changu.

Nilipoolewa nilikuta kisiki katikati ya shamba. Nikakichoma siku tatu, nikajisifu kwa mama mkwe. Mvua iliponyesha, kikachipua! Mama mkwe akacheka: "Moto unataka hewa. Kule ndani hewa haifiki." Akanipa mtaimbo. Niligonga mpaka moyo wa kisiki ukapasuka, tukapanda mahindi pale pale.

Nikamwambia Marta kwamba mionzi ya kwanza ilikuwa moto, na katikati ya uvimbe oksijeni ni haba. Hizo chembe nzito za mionzi ya huko, ulizoniandikia, ni mtaimbo, hazisubiri hewa. Sikumwahidi kupona. Nilimwambia tu kwamba huu si moto ule ule.

Aliendelea kuchambua maharage. Kisha akauliza picha za pasipoti zinapigwa wapi hapo mjini Katesh.

Bibi yako, ambaye mtaimbo wake bado upo nyuma ya mlango.