Wanavyosema Saluni Kuhusu Kitabu Chako

Umbilo, Durban

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na hamu nyingi. Natumaini unaamka vizuri na baridi ya Lubumbashi haijakurudishia kikohozi. Sisi huku hatujambo. Mama iko mzima, anasuka kutwa kwenye saluni ya mdogo wake, Tantine Epiphanie. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sauti hunikauka, unanijua.

Ulimtuma binamu Prodige alete kitabu chako, na aniulize watu wanakionaje. Basi nikueleze. Kwa kuwa umeandika kwa Kifaransa, na Mama Kifaransa chake ni cha kuombea maji tu, Tantine alinikalisha kwenye kiti cha wateja akaniamuru nisome kwa Kiswahili, wote wasikie. Eish, Papa, mimi mbele ya watu! Tantine akasema hata mashine ya kukaushia nywele inaongea kunishinda. Lakini nilikubali. Tangu tuhamie huku Mama hajapokea simu yako hata moja, na nilitamani kitabu kimlainishe.

Mwanzo waliupenda. Nilipofika pale unapofua glavu zako za ukipa uani kila Jumapili, na watoto wa jirani wanapanga foleni wazivae zikiwa bado mbichi, nilisoma polepole. Mimi nilikuwa nikipita mbele ya foleni kwa kuwa ni wako. Harufu ya ile sabuni ninayo mpaka leo. Nilimwona Mama kwenye kioo akitabasamu.

Kisha tukafika kwenye fainali uliyoiuza, ukala pesa ukaachia mabao. Papa Barthélemy, anayetengeneza simu mlango wa pili, alikuja na kiti chake mwenyewe. Alisema siku ile alilia mpaka mkewe akauliza nani amekufa. Akanionya nisimmezee baba yangu maneno, nisome yote. Zilpah, Mkenya anayesoma chuo kule Westville, kichwa chake kikiwa nusu kimesukwa, akasema huyu mzee amelaumu kocha, amelaumu refa, amelaumu hata nyasi, sasa tumebaki sisi wateja. Watu wakacheka sana. Tantine akasema angalau picha ya jalada ni nzuri. Mama aliendelea kusuka.

Jumamosi iliyofuata nikasoma unapotoka uwanjani kwa mlango wa nyuma. Hapo nikasoma maneno haya: Marie-Jeanne, wewe ulinisubiri mlango wa mbele na mtoto wetu. Watu walikumwagia maji machafu kwa ajili yangu, na mimi nilijua, na sikurudi. Nisamehe.

Papa Barthélemy akavua miwani, akasema hapo sasa mwanaume ameongea. Zilpah, aliyekuwa tena kitini, aligeuka ghafla mpaka nywele zikamvuta. Mama akaweka kitana chini, akatoka, akasimama pale kwenye robot, zile taa za barabarani, kama anayetaka kuvuka. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena. Hakuvuka. Aliporudi akasema nikuambie upige simu Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada. Atapokea.

Papa, wewe ndiye uliyeandika kitabu, kwa hiyo unajua tayari. Maneno yale hayamo. Wewe uliandika kwamba ulitoka nyuma, ukapanda gari, mvua ikaanza. Mimi nilikuwa mlango wa mbele nimeshika kitenge cha Mama, na maji yale yalinifikia hata mimi. Nilifungua ukurasa baada ya ukurasa nikingoja useme. Nilipoona umeshapanda gari, mdomo wangu ukaendelea peke yake.

Sasa Mama amekusamehe kwa maneno yangu. Siwezi kuacha hivyo. Nitamwambia Jumamosi, siku moja kabla ya simu yako, na sijui atafanya nini. Hata hivyo nakuomba upige, na usiyasome yale ya kwangu. Sema ya kwako, hata yakiwa mabaya, hata yakiwa mafupi.

Tantine anakusalimu. Papa Barthélemy anasema yeye bado hajakusamehe, ila anauliza goti lako linaendeleaje.

Ukipiga, acha simu iite mpaka mwisho. Mikono ya Mama huwa na mafuta ya nywele, lazima aifute kwanza.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Laetitia