Maelezo ya Cresensia Tluway Kuhusu Barua Isiyo na Saini

JESHI LA POLISI TANZANIA
KITUO CHA POLISI KARATU
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Cresensia Tluway
Umri: Miaka 18
Kabila: Mwiraqw
Dini: Mkristo
Kazi: Hana. Amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo
Makazi: Gyekrum, Karatu
Tarehe: 18 Januari 2005, kuanzia saa 4:10 asubuhi

Mimi Cresensia Tluway ninaandika maelezo haya kwa mkono wangu. Nilianza kuyasema kwa mdomo, lakini afande, WP Veronika, alisema hanisikii, akanipa kalamu na karatasi. Nimeonywa niseme kweli na nitasema kweli.

Mtuhumiwa Wilibrodi Tluway, miaka 25, ni kaka yangu wa tumbo moja. Anafanya kazi ya kompyuta kwa Mzee Inosenti Lyakurwa, mwenye kampuni ya kupeleka wageni Kreta ya Ngorongoro, ofisi yake ipo hapa Karatu mjini. Mzee Inosenti ndiye aliyemsimamia kaka kipaimara na ndiye aliyempa kazi. Nyumbani tunamhesabu kama baba.

Tangu Juni mwaka jana kaka anajiandaa kwa mtihani wa cheti cha usalama wa taarifa, yaani namna ya kulinda kompyuta na siri zilizomo zisiibwe. Mtihani unafanyika Nairobi, kwa Kiingereza. Aliufanya mara ya kwanza Septemba akakosa kwa alama chache. Mara ya pili ni kesho Jumatano tarehe 19, saa 3:00 asubuhi. Kuna hoteli ya Arusha iliyosema itamwajiri akipeleka cheti kabla mwezi huu haujaisha, asipopeleka itachukua mtu mwingine. Alisema akipata kazi hiyo atanipeleka na mimi nikasome kompyuta, kwa kuwa kitabu chake cha mtihani nakijua. Kina kurasa 640. Kila jioni mimi namuuliza maswali, yeye anajibu huku anapukuchua mahindi. Mambo mengine siyaelewi, lakini majibu nimeyashika.

Mnamo tarehe 13 Januari 2005, siku ya Alhamisi, saa 7:30 mchana, nilimpelekea kaka makande ofisini. Mzee Inosenti alikuwa anakunywa chai. Tulikuwa watatu tu, wengine walikwenda kula. Kaka alimwambia Mzee anaomba Jumamosi ajaribu kompyuta zote za ofisi, aone ni maneno gani ya siri ya kuzifungulia ambayo mwizi anaweza kuyakisia, kwa sababu mtihani unauliza mambo hayo.

Mzee akauliza, "Utaziharibu?"

Kaka akasema, "Hapana, Mzee. Nitaangalia tu, halafu nikuletee ripoti."

Mzee akasema, "Basi angalia. Kompyuta si mbuzi, haitatoa mimba kwa kuchunguliwa." Alicheka sana, akasema, "Wewe ni mtoto wangu, unaniomba nini?"

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu.

Jioni ile nyumbani kaka alisema maneno ya mdomo hayatoshi. Kitabu kinasema usiguse kompyuta ya mtu bila kibali cha maandishi chenye saini. Alinisomea barua, mimi nikaiandika kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Ilikuwa na mistari sita, na chini mstari mtupu wa saini ya Mzee. Baba yetu aliuliza tunamwandikia nani. Kaka akamweleza.

Baba akasema, "Si amesharuhusu?"

"Amesharuhusu, baba."

"Sasa karatasi ya nini? Mnataka kumfunga?"

"Ndiyo sheria ya kitabu, baba."

"Kitabu hakijui Mzee ametutendea nini," baba akasema, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Kaka aliikunja barua. Baadaye akaniambia kesho alfajiri anakwenda lango la hifadhi la Lodoare na wageni, hivyo barua niipeleke mimi. Akasema tena, "Nikimpa mimi ataona Wili amekua, anamwandikisha. Wewe hatakukasirikia."

Mnamo tarehe 14 Januari 2005, Ijumaa, saa 3:20 asubuhi, nilifika ofisini. Barua ilikuwa ndani ya daftari. Mzee alikuwa na wageni wawili wa kutoka Moshi. Nilimwamkia, akasema, "Marahaba mwanangu, umetuletea nini leo?" Wale wageni wakaniangalia.

Nilisema, "Nimekuja kukusalimia, Mzee."

Mzee akawaambia, "Mnaona? Wengine wakiingia hapa ni shida tu, saini hiki, saini kile. Huyu amekuja kunisalimia." Akatuma niletewe soda. Niliinywa yote pale kwenye kiti, daftari likiwa magotini. Ilipoisha niliaga nikaondoka. Nilikwenda mpaka sokoni, nikageuka nirudi. Nilipofika kwenye kibao cha ofisi nikaona siwezi. Nikaenda nyumbani kwa miguu.

Kaka aliporudi saa 1:00 jioni aliniuliza kama nilikwenda. Nikasema nilikwenda. Akauliza Mzee alikuwaje. Nikasema alinipa soda. Kaka akacheka, akasema, "Si nilikuambia? Barua iko wapi?" Nikasema ipo kwenye daftari. Hakuomba kuiona. Kila nilichomjibu kilikuwa kweli, na nilikuwa namdanganya.

Mnamo tarehe 15 Januari 2005, Jumamosi, kuanzia saa 4:00 asubuhi mpaka saa 9:00 alasiri, nilikuwa na kaka ofisini. Hakuvunja mlango, ufunguo anao siku zote. Aliwasha jenereta, akaweka programu yake ya kukisia maneno ya siri. Wakati inafanya kazi nilimuuliza maswali ya kitabu. Lilikuja swali kwamba kabla ya kujaribu mfumo wa mtu jambo la kwanza ni lipi. Akajibu, "Kibali cha maandishi cha mwenye mfumo." Halafu akatabasamu, akasema, "Hilo tumemaliza."

Nikafunua ukurasa mwingine.

Nataka afande ajue kwamba pale ningeweza kusema. Tulikuwa wawili tu.

Programu ilipomaliza, kaka aliamuru printa itoe orodha kabla hajaisoma. Printa haikuwa na karatasi, ikawasha taa nyekundu. Akasoma kwenye kioo. Alikaa muda akiangalia mstari mmoja, kisha akasema, "Afadhali karatasi zimeisha. Hili la Mzee nitamwambia kwa mdomo, mimi na yeye." Sikumuuliza ni lipi. Alifuta orodha kwenye kompyuta, akazima kila kitu.

Alisahau kwamba printa ikikosa karatasi kazi yake inabaki kwenye foleni, hata ukizima. Jambo hilo lipo kwenye kitabu, ukurasa wa 512. Nimelisoma jana usiku. Sisi tulikuwa tumefika ukurasa wa 480.

Mnamo tarehe 17 Januari 2005, Jumatatu, saa 2:15 asubuhi, nilikuwa ofisini kumsaidia Mama Goodness, mke wa Mzee, kufunga lanchi boksi za wageni. Jumatatu huwa ananipa kibarua hicho. Pia alikuwepo Christina, karani, na Metui, dereva. Kaka alikuwa nje anapakia mahema. Christina aliweka karatasi mpya ili atoe majina ya wageni. Ikatoka kwanza karatasi nyingine.

Christina akaisoma kwa sauti. "Maneno ya siri yaliyokisiwa. Christina, moja mbili tatu nne tano. Hee, huyu Wili ananichora."

Metui akasema, "Dada, hata mbuzi wangu angekisia hilo."

"Nyamaza. Wewe kompyuta unaijulia wapi?" Wakacheka. Akaendelea, "Mzee Inosenti, nanyori tisini na tisa. Nanyori ndiyo nini, Metui? Si Kimasai?"

Metui akaelekea nje. Alisema anakwenda kuangalia upepo wa matairi.

Mama Goodness alikuwa anakata mkate. Aliweka kisu chini. Akasema, "Si kitu. Ni mtu. Mwanamke mwenye duka kijijini Nainokanoka, huko Kreta." Kisha akaendelea kukata mkate, lakini vipande vilikuwa vinene, havikuingia kwenye boksi.

Mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake. Sijui alisimama hapo tangu lini. Alichukua karatasi mkononi mwa Christina, akaita, "Wilibrodi!" Kaka akaja na vumbi la mahema.

"Nani amekuruhusu kuingia kwenye kompyuta zangu?"

Kaka akasema, "Mzee, si uliniruhusu Alhamisi? Ulikuwa unakunywa chai."

Mzee alimwangalia mke wake, halafu akamwangalia kaka. Akasema, "Mimi sijamruhusu mtu. Kama nilikuruhusu, onyesha karatasi."

Kaka hakuogopa. Alinigeukia akasema kwa upole, "Cresensia, toa ile barua."

Niliitoa kwenye daftari langu. Mikono ilikuwa na siagi, ikaacha alama pembeni. Ni alama hiyo iliyopo. Kaka aliifungua mbele yao wote, akatazama chini penye mstari. Aliitazama kama mtu anayesoma maandishi mengi, na hapakuwa na kitu. Aliikunja ilivyokuwa, akanirudishia.

Mimi nilitaka kusema, "Mzee, nilikuwepo, ulisema kompyuta si mbuzi." Mdomo ulifunguka lakini sauti haikutoka. Mama Goodness aliniona. Alisema, "Mtoto huyu ana neno," lakini Mzee akasema, "Huyo ni dada yake, atasema nini?" Akapiga simu polisi. Kaka alichukuliwa saa 3:05 asubuhi.

Leo afande ameniuliza kama kuna mtu mwingine aliyesikia ruhusa ya Alhamisi. Hakuna. Ameniuliza kama barua naweza kuwa nimeiandika jana. Ninaweza. Sikuiandika jana, lakini haina kitu cha kuonyesha hivyo. Ameniuliza kama nataka kaka yangu aachiwe. Nataka.

Afande ameniambia hajawahi kuandika kosa la namna hii. Kwenye kitabu chake ameandika kuingia ofisini bila ruhusa na kuchukua siri za ofisi. Amesema Mzee akikubali kwamba aliruhusu, kaka atatoka saa hiyohiyo. Mzee amepeleka wageni Kreta na amesema atafika kituoni Alhamisi. Mtihani ni Jumatano.

Asubuhi hii saa 12:30 nilimletea kaka uji na kitabu. Askari wa kaunta aliruhusu uji, kitabu akakizuia. Kaka alikunywa uji akiwa amesimama. Niliona nimwombe msamaha, lakini yeye alitangulia kusema. Alisema, "Niulize moja."

Sikuwa na kitabu, nikamuuliza la kichwani, lile la sehemu dhaifu kuliko zote katika mfumo wowote wa ulinzi. Akajibu, "Mtu." Ndilo jibu la kitabu. Kisha akasema, "Uliza lingine, hilo ni rahisi." Nikashindwa. Askari akasema muda umekwisha.

Wakati naandika ukurasa huu basi la mwisho ambalo lingemfikisha Arusha kuwahi gari la Nairobi limepiga honi stendi. Ni saa 6:00 mchana. Nimelisikia, na yeye huko ndani lazima amelisikia.

Kama Mzee Inosenti atasomewa maelezo haya, ninaomba ajue kwamba siku ile sikwenda kumsalimia. Nilikwenda na barua. Angeniuliza mara ya pili ningeitoa, lakini hakuwa na sababu ya kuuliza mara ya pili. Kosa la barua ni langu. Kaka aliamini kuwa ina saini. Ninaomba hilo liandikwe hata kama halimsaidii.

Sina la kuongeza. Nimeyaandika yote niliyoyaona na niliyoyanyamazia, na ninayatia saini bila kulazimishwa.

(Saini) C. Tluway

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekiri ni yake, ametia saini kila ukurasa. Alisoma barua kwa sauti mara mbili alipoombwa, mara ya pili alisikika. Mlalamikaji ametafutwa kwa simu saa 6:40 mchana bila kupatikana. Dereva wake anasema amebaki Nainokanoka. Mtuhumiwa yupo mahabusu. Vielelezo: barua moja, haina saini, ina doa la mafuta. Kitabu kimoja cha Kiingereza hakihusiani na shauri, shahidi amerudishiwa.

WP Veronika, 18/01/2005, saa 6:55 mchana