Kitambaa cha Sanduku la Umeme

Kashojwa, Kambi ya Nakivale, Uganda

Yaya Mapendo, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Nyota. Asifiwe naye ameniamuru niandike jina lake mwanzoni kabisa, ili shangazi yake asimsahau. Hamjambo huko Baraka? Mihogo ya mwaka huu imekubali? Goti la Mama limepoa, na macho yake je? Sisi tupo, Mungu anatushika, ingawa siku hizi naona anatushika kwa kidole kimoja tu.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Nikikupigia, Mama anakwambia uweke sauti kubwa, na jikoni nzima inasikiliza. Haya si ya kusikia yeye. Nimempa jirani yetu Mama Riziki, anayekuja huko kwenye msiba wa kaka yake, akukabidhi mkononi. Isome peke yako, nyuma ya nyumba.

Unalikumbuka lile sanduku la umeme, alilotuachia rafiki yangu wa kwaya alipopelekwa Canada? Ni dogo, kama kidumu cha lita tano, lina mpini juu, na mchana linapata umeme wa jua kutoka kwenye paneli. Asubuhi nilikuwa nalifunga nyuma ya baiskeli hadi soko la Base Camp, naliweka chini kando ya kiti, nachomeka mashine ya kunyolea, na kinyozi Bahati amefungua. Hakuna mlango, hakuna paa. Kuna watu walikuwa wanasimama kutazama tu, wanatafuta jenereta imefichwa wapi.

Lakini mimi na Nyota tulikuwa na sharti moja. Sanduku lina vitaa vitano vinavyoonyesha umeme uliobaki, na viwili vya mwisho ni vya Asifiwe. Kifua chake unakijua. Kikimbana tunatakiwa kumpa dawa kwa mashine ya mvuke, ndivyo daktari wa Mbarara alivyotuelekeza, na mashine hiyo bila umeme ni pambo la mezani. Huku kwetu nguzo za umeme hazijafika. Kwa hiyo vikibaki viwili nazima, uwe nani uwe nani. Siku moja vilibaki viwili nikiwa nimemaliza upande mmoja wa kichwa cha shemasi wetu.

"Bahati, utaniacha vile? Kesho tuko na ubatizo."

"Shemasi, ile inabakia ni ya mtoto."

Alihudhuria ubatizo na kofia. Mpaka leo akinipita ananiuliza kama upande wa pili umeshaiva.

Sasa Mama. Nilipomsimulia habari za sanduku, hakuuliza linafanyaje kazi. Alisema, "Kitu ya maana vile munaiacha bila nguo? Bageni bataona nini?" Unamjua. Kwake redio ina kitambaa, saa ina kitambaa, hata termosi ya chai imevaa. Basi nikampimia sanduku kwa shubiri, nikamtajia kwenye simu, na baada ya miezi kitambaa kikafika na msafiri: cheupe, ukingo mwekundu, ndege wawili mbele, na ubavuni tundu alilolifuma makusudi kwa ajili ya waya. Kwa yale macho yake, Yaya. Nyota alilia. Kiliingia kama soksi.

Tangu hapo sanduku likirudi nyumbani linavaa. Karatasi zake za maelezo hatukuwahi kuziona, na hakuna aliyetuambia vingine.

Jumamosi moja akina mama wa kanisa wakaja kutuombea, kama wanavyozunguka nyumba kwa nyumba. Nyota alifagia, akavalisha viti, akavalisha na sanduku. Jua lilikuwa kali, bati linalia juu, na sanduku lipo mezani likiendelea kuchaji kutoka kwenye paneli ya nje. Katikati ya maombi Asifiwe akaanza kukohoa, kile kikohozi chake cha kuvuta. Nikachomeka mashine ya mvuke, waya ukapita kwenye tundu alilolifuma Mama, mtoto akavalishwa kinyago mapajani mwa Nyota. Hakuna aliyefikiria kukiondoa kitambaa. Nani anavua nguo za meza mbele ya wageni?

Mvuke ulitoka kidogo. Kisha mama mmoja akafumbua macho katikati ya sala.

"Kuko kitu inaungua," akasema.

Nikavuta kitambaa. Sanduku lilikuwa la moto mpaka mkono ukakataa, vitaa vyote vimezimika, kimya. Nikabonyeza kitufe. Nikabonyeza tena. Mtoto ananitazama juu ya kinyago, mbavu zinaingia ndani, na baba yake anabonyeza kitufe. Wale mama wakazidi kupaza sauti kwa Bwana, na mimi, sitakuficha, niliogopa hata sikuweza kuitikia amina.

Boda alitufikisha hospitali ya Base Camp, Nyota kampakata. Wakamwekea oksijeni, wakampa dawa, na jioni akaomba uji. Tulimshukuru Mungu, tukarudi nyumbani kulitazama sanduku.

Nililipeleka Mbarara nikiwa nimelifunga kwa kitambaa kilekile. Nililala kwa rafiki pale Ruti, na asubuhi nikazunguka kwa mafundi. Wawili hawakutaka hata kuligusa. Wa tatu, mzee wa miwani, alikivua kitambaa taratibu, akatazama vitundu vya ubavuni. Nyuzi nyekundu zilikuwa zimeyeyuka na kugandia pale.

"Ssebo, bwana, nani alifunika hii? Hapa ndio inatoa joto. Mulifunga yeye pua."

"Lakini inatengenezeka?"

"Hapana. Ndani iliungua yote. Hata ukienda Kampala watakuambia nunua ingine. Uniachie tu, nitoe waya."

Sikumwachia.

Sasa nanyoa kwa mkasi na wembe, na wateja wangu ni wazee tu. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kiangazi kinachoingia na vumbi lake, na mtoto ameshaanza kukohoa. Betri za majirani ni za taa na simu, mashine ya mvuke zinaishindwa. Nimemwomba mwenye boda wa hapa karibu asizime simu yake. Huo ndio mpango wetu wote, Yaya. Tunakaa, tunamsikiliza kifua.

Juzi Mama akapiga. Alisikia kwamba mtoto aliugua, ila la sanduku halijui. Akauliza, "Kitambaa kinaenea?" Nikamwambia kinaenea sana, kila mgeni anakisifu. Si uongo kabisa, maana kipo mezani juu ya sanduku; sijui pengine pa kukiweka. Akafurahi. Akasema ameshaanza kingine cha mashine ya mvuke, nayo isikae uchi, basi nimpimie. Ningesema nini? Niliiweka mashine mapajani, nikaipima kwa shubiri, nikamtajia urefu na upana.

"Na tundu ya waya niiweke fasi gani?"

"Kwa nyuma, Mama."

Sikuombi kitu, najua nawe huna. Nilitaka tu mtu mmoja wa nyumbani ajue.

Msalimie shemeji yangu, mwambie nyavu zake nazikumbuka. Wasalimie wanao, mama mdogo Esta wa pale sokoni, na mchungaji mzee aliyetufungisha ndoa, aendelee kututaja. Mama mwambie Asifiwe anacheza. Ukimwona amekaa anafuma, usimkataze. Msogezee taa tu.

Mdogo wako asiyekusahau,
Bahati