Vijiti Sita Ulivyoviacha kwenye Friji

Kwa mpendwa wetu Normand Plourde

Baba, ni mwaka mmoja sasa tangu ulipojinyoosha kwenye kochi baada ya chakula cha mchana, buti zako mlangoni, mbegu za njegere zimelowekwa kwenye bakuli, usiamke tena. Kesho yake Mama alizitazama zile mbegu. Zilikuwa zimevimba, nyingine zimeanza kuchipua. "Hizi hazijui kama kuna msiba," alisema. Tukatoka, tukazipanda kwenye matope, theluji ikiwa bado imelala kando ya ua.

Kwa miaka thelathini na moja uliendesha gari la kusukuma theluji la mji wetu. Ulianza na njia ya jirani yetu Bibi Eudora Michaud, ukafuata za wengine wote, ya kwetu ikawa ya mwisho. Mama akilalamika, ulimjibu, "Sisi tuna mtu mwenye koleo." Mtu huyo nilikuwa mimi.

Wiki ya mazishi, baba mdogo Armand alitafuta nafasi kwenye friji ya kuweka vyakula walivyoleta majirani. Akavuta droo ya chini, akakuta gazeti lenye unyevu limefungwa kamba.

"Shemeji, hizi kuni zinafanya nini na karoti? Zinaogopa joto?"

Mama akampokonya.

Vilikuwa vijiti sita, ulivyovikata Februari kwenye mtufaha alioupanda bibi yako nyuma ya jiko, ule uliopasuliwa na barafu mpaka shinani. Mwingine wa namna yake hatujauona popote. Ulisema Mei utavipandikiza kwenye miche mipya. Mei hukuifikia.

Ilipofika, nikachukua kisu chako. Miaka yote ulipopandikiza, mimi nilikuwa mshika utepe wa kufungia tu. Nilikata polepole, nikafunga kila kijiti kwenye mche wake, nikapaka nta. Nilipofika kijiti cha nne ndipo nilipoona kwamba ncha moja uliikata mshazari na nyingine sawasawa. Nikakumbuka maneno yako: "Mshazari ni miguu, Delphine. Usimsimamishe mtu kwa kichwa." Vitatu vya kwanza nilikuwa nimevisimamisha kwa kichwa.

Nililia kuliko siku ya mazishi. Baba mdogo akaja, akatazama, akasema, "Angekuwepo, angekucheka mpaka Jumapili." Nikataka kuving'oa. Mama akakataa.

"Viache. Baba yako hakung'oa kitu kabla hakijaona majira mawili."

Kiangazi hicho, kijiti kimoja kilichosimama sawa kilitoa majani mengi. Kimoja cha kichwa chini kilitoa majani mawili, madogo kama kucha, hatukukihesabu. Vingine vilikauka. Januari barafu ikauangusha mti wa zamani. Mti wote wa bibi yako ukabaki kwenye kijiti chenye urefu wa kalamu, chini ya theluji iliyofika kiunoni.

Wiki iliyopita theluji iliyeyuka. Panya wa shambani walikuwa wamekiguguna kile kizuri gome lote, kuzunguka, kikafa. Nilikaa chini kwenye maji.

Mama ndiye aliyeniita. Kile cha kichwa chini kilikuwa hai. Chipukizi lilikuwa limetoka likielekea ardhini, likateremka kiasi cha upana wa kidole, kisha likajipinda lenyewe, taratibu, likatazama juu. Ncha yake ilikuwa na kijani ambacho sijui jina lake. Baba mdogo alivua kofia, na wewe unajua huwa anaivua kanisani tu. Tulisimama pale mpaka chapati zetu za ploye zikaungua jikoni. Hakuna aliyejali.

Baba, mimi nilikosea, na wewe hukuwepo kunirekebisha. Sijui ni nani aliyekionyesha juu ni wapi.

Wanaokukumbuka ni mkeo Lorette, binti yako Delphine, mdogo wako Armand, na Bibi Eudora, ambaye njia yake sasa naisafisha mimi, kabla ya yetu.

Njegere zimelowekwa. Mti wako tutauacha ujipinde unavyotaka, na daima tutakukumbuka.