Treni ya Kifahari na Nyumba Tupu

Mji wa Kale,
Mombasa.
2 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Abdulhalim,

Assalaam aleikum. Nataraji barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe, mkeo Fairuz na watoto, na kwamba joto limeanza kupungua. Sisi tu wazima. Goti la Mama limetulia, na kikohozi changu kimeniacha.

Uliniuliza kama treni ya kifahari uliyomlipia Mama inastahili bei yake. Nitakujibu kama ninavyowajibu wasomaji wangu gazetini: kwanza nilichokiona.

Behewa lilikuwa na viti vipana vya ngozi, na kila abiria alikuwa na dirisha lake. Chai ililetwa kwa vikombe vya kauri. Mama alijifunika magoti kwa leso, akamwambia mhudumu, "Mwanangu, kiti hiki chanibembeleza. Nikisinzia, msinipitishe ndovu." Tulipowaona ndovu Tsavo, aliamsha behewa zima. Kila aliyemsikiliza aliambiwa kuwa ni mwanawe wa kiume aliyempandisha. Sijamwona na furaha kama ile tangu arusi yako.

Kwa starehe peke yake, basi, bei si ya kulalamikia.

Lakini waijua desturi ya Mama. Usiku wa Ijumaa hauingii nyumbani mwake bila udi. Alhamisi asubuhi, kabla hatujaondoka, alimwachia ufunguo jirani yetu Bi Khairiya, aje magharibi afukize. Hilo ulilisahau.

Bi Khairiya alipanda ghorofani na chetezo mkononi, akamkuta dalali wa nyumba, Muhdhar, na wanunuzi wawili, wakipima chumba cha Mama.

"Mwafanya nini humu, tena na viatu?"

"Bibi, mimi nimetumwa tu. Mwenye nyumba ndiye aliyenipa ufunguo."

"Mwenye nyumba kapanda treni leo asubuhi, nikimwona kwa macho yangu. Tokeni!"

Tuliporudi nilizungumza na Muhdhar. Hakukana. Ufunguo ni ule ulioondoka nao Idi iliyopita. Ulimwambia nyumba itakuwa tupu hadi Jumamosi, na kwamba Mama ameridhia iuzwe. Mama hakuridhia, kwa sababu hakuulizwa. Sasa naelewa kwa nini ulishikilia tusafiri Alhamisi, na kwa nini ulitaka mimi, ninayeishi naye, nimsindikize.

Nimeandika habari nyingi za wazee ambao nyumba zao ziliuzwa wakiwa bado wanaishi ndani. Sikutaraji kuwa nitatumiwa kumtoa Mama mlangoni mwake, nikimbebea mkoba.

Jana nilimweleza. Aliuliza, "Na wale ndovu, Maisara, nao pia walikuwa wa kunitoa nyumbani?"

Kwa hiyo swali lako nakurudishia. Mimi najua Mama alipata nini kwenye ile treni. Ulichokuwa ukinunua wajua wewe.

Msalimie Fairuz, ambaye natumai hakujua lolote, na uwabusu watoto. Bi Khairiya hajatuma salamu. Mungu akuhifadhi, na akupe ujasiri wa kumpigia Mama simu.

Kitasa cha mlango tumekibadilisha. Ukija, bisha hodi. Mama amesema atakuja kukufungulia mwenyewe.

Dada yako, anayekupenda bado,
Maisara